Kuteremka Nile kwa boti binafsi, Pakwach mpaka Laropi: mwongozo kamili

Ukimwambia mtu wa Kampala unataka kusafiri na Nile anawaza Jinja moja kwa moja, rafti, kofia ya plastiki na watu wanapiga kelele kwenye maporomoko. Mimi naongelea kitu kingine. Unachukua boti, yako au ya kukodi, unapakia jerikani na sufuria na chandarua, unashuka na maji siku nne hivi, unalala kwenye mialo ya wavuvi, mwisho wa safari unapanda taksi unarudi nyumbani. Inawezekana kabisa na haihitaji uwe tajiri. Ila inahitaji uchague kipande cha mto kinachofaa na uwe mtu wa kuuliza, kwa sababu huu mto unaulizwa mwalo kwa mwalo, ramani peke yake haitakufikisha.

Kwanza chagua kipande

Nile yetu imekatwakatwa. Ikitoka Ziwa Victoria pale Jinja inakutana na mabwawa ya umeme, Nalubaale la tangu 1954 na Kiira ubavuni mwake, halafu Bujagali (2012), halafu Isimba (2019), na katikati kuna maporomoko ambayo boti ya mbao haina biashara nayo. Kuanzia Namasagali mto unatulia. Hapo ndipo zamani reli ya Busoga ilipoishia, ilifunguliwa 1912, abiria wanashuka kwenye treni wanaingia meli mpaka Masindi Port ng'ambo ya Kyoga, na mafuriko ya 1961 na 1962 ndiyo yaliyoiua bandari ile. Kipande hicho kinapitika hata leo lakini sehemu kubwa ni Ziwa Kyoga, kina kifupi, majani kila upande, mimi kinanichosha. Baada ya Masindi Port unaelekea Karuma ambako kuna bwawa la megawati 600 na maporomoko mfululizo mpaka Murchison, pale mto mzima unabanwa kwenye ufa wa kama mita saba na kuanguka mita 43. Hapo hapiti mtu.

Chini ya Murchison mto unaingia Ziwa Albert na kutoka tena karibu hapohapo ukielekea kaskazini, na hicho ndicho kipande chetu, Albert Nile. Kutoka Pakwach mpaka Laropi ni kama kilometa 170 hivi ukifuata kona za mto na hakuna poromoko hata moja, hakuna bwawa, mteremko ni mdogo mno. Meli za moshi zilikuwa zinakwenda mpaka Nimule enzi za mkoloni. Kama meli ilipita basi boti yako itapita, shida zake ni nyingine na nitazieleza.

Muda gani uende

Desemba mpaka Februari. Mvua imekatika, barabara za kwenda mialoni hazina tope, mbu wamepungua kidogo. Joto lakini ni la West Nile, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, jiandae. Aprili na Mei kuna mvua, na kuanzia Agosti mpaka Oktoba ndiyo kubwa zaidi, dhoruba za mchana zinakuja na upepo wa ghafla unaoinua mawimbi hata mtoni, pale mto unapopanuka. Halafu jua kwamba tangu maji ya Ziwa Albert yapande miaka ya 2019 na 2020 mialo mingi ilizama au ikahamishwa, kwa hiyo mtu akikwambia "pale pana gati zuri" muulize ameliona lini.

Boti

Boti ya kawaida huku ni ya mbao, futi 25 mpaka 30. Za faiba zipo chache na mara nyingi ni za hoteli za kitalii au mashirika. Kwa watu wanne na mizigo boti ya futi 28 inatosha sana, usikubali ndogo eti kwa sababu ni rahisi, boti ndogo kiboko akiigusa tu mnakuwa ndani ya maji.

Ukienda kuikagua usiangalie rangi. Ingia ndani, inua mbao za kukanyagia uangalie maji chini. Boti yoyote ya mbao ina maji kidogo, swali ni kiasi gani, kwa hiyo itoe maji yote halafu iache majini saa nzima urudi uone. Pitisha kidole kwenye maungio uone kama kalafati, ile pamba ya kuzibia nyufa, imekauka na kuchomoka. Gonga mbao karibu na sehemu injini inapofungwa, pale mtikisiko ni mkubwa na ndipo mbao huoza kwanza, ukisikia mlio mzito usio na uhai achana nayo tafuta nyingine. Na usinunue boti kwa safari moja jamani, kodi. Ukitaka kununua nunua baada ya safari, utakuwa umeshajua unachotaka.

Injini: Yamaha ya tu-stroku, nguvu ya farasi 15 au 25. Kuna watu watakusukumia 40 kwa sababu inaenda kasi. Kasi ya nini? Unateremka na mkondo, na 40 ukiifungulia yote inakunywa karibu lita 20 kwa saa. 15 inatosha boti ya watu wanne. Cha maana zaidi ni kwamba spea za 15 na 25 unazipata Pakwach na kila fundi wa mwaloni amezifungua mara mia.

Washa injini mbele ya mwenye nayo ikiwa ya baridi, isiwe ameshaipasha moto kabla hujafika. Iache ikimbie dakika kumi. Angalia ule mkojo wa maji unaotoka nyuma, utoke kwa nguvu bila kukatika, ukiwa dhaifu impela, ile pampu ya maji ya kupoza, imechoka na injini itaungua katikati ya mafunjo ambapo hata boda haifiki. Beba plagi mbili mpya, spana yake, pini za propela, kamba ya kuwashia ya akiba, na impela kama unaweza kupata.

Kasia mbili na upondo mrefu, ule mti wa kusukumia boti. Usiondoke bila upondo. Wavuvi huku wanautumia kila saa, injini ikizimika kwenye majani kasia halisaidii kitu, ni upondo tu unaokutoa.

Hesabu ya mafuta

Hapa ndipo pesa yako itakapoishia, ifanye hesabu kwa karatasi. Injini ya 15 ukiiendesha nusu, boti imebeba mzigo, inakula lita 4 au 5 kwa saa na inakupa kilometa 12 mpaka 15 kwa saa ukiwa unashuka. Kilometa 170 ni kama saa 14 za injini, tuseme lita 70. Ongeza theluthi kwa sababu ya kupotea njia na kuzunguka visiwa, unakaribia 95. Kwa hiyo jerikani tano za lita 20. Kama boti lazima irudi Pakwach kwa maji basi kupanda kunataka mafuta mengi zaidi kuliko kushuka, mara moja na nusu hivi, na hiyo lazima uijadili na mwenye boti kabla hujalipa chochote.

Oili ya tu-stroku ni uwiano wa 50 kwa 1, yaani kila jerikani ya lita 20 unaweka mililita 400. Pima kwa chupa. Vijana wa mwaloni wanapima kwa macho na ndiyo maana injini zao zinatoa moshi mwingi na plagi zinakufa kila wiki.

Nunua petroli yote kwenye pampu za Pakwach, lita inazunguka shilingi elfu tano na kitu. Njiani utapata ya chupa na jerikani kwenye mialo mikubwa, ghali, na wakati mwingine imechanganywa. Ukilazimika kununua ya chupa ichuje kwa kitambaa safi na uiache itulie uone kama kuna maji chini. Jerikani za mafuta zikae nyuma, sigiri ikae mbele, na hakuna kupika boti ikiwa inatembea, hata chai.

Nahodha, na kwa nini usijifanye mjuaji

Hata kama umeendesha boti Entebbe miaka kumi, kodi mtu wa huku. Albert Nile ina upana wa ajabu sehemu nyingine, ina visiwa vya mafunjo na magugu maji vinavyotembea, na njia iliyokuwa wazi mwezi uliopita leo imezibwa. Picha za setilaiti kwenye simu ni za zamani, utaona maji na ukifika unakuta ukuta wa majani. Kisiwa cha majani kikubwa si mchezo, Aprili 2020 kimoja kiliingia kwenye mitambo ya Nalubaale kule Jinja na nchi nzima ikalala gizani.

Mtafute nahodha mwaloni, si hotelini. Uliza akina mama wanaokausha samaki, wao wanajua nani mlevi na nani si mlevi, watakwambia ukweli ambao wanaume wenzake hawatasema. Lugha isikutishe. Pakwach na Panyimur Kiswahili kinatembea vizuri, wavuvi wengi wanavuka kwenda na kutoka upande wa Congo na kule Mahagi ndicho wanachoongea. Ukishuka kwa Wamadi, watu wa Moyo na Adjumani, kizazi cha wazee, wafanyabiashara na walioishi kambi za jeshi watakuelewa, vijana utachanganya na Kiingereza.

Mpango wangu mimi ni huu: nahodha mmoja wa safari nzima, halafu kijana mmoja wa kuonyesha njia unayembadilisha. Yule wa Pakwach anajua mpaka Wadelai au Rhino Camp, baada ya hapo yeye mwenyewe anaanza kubahatisha. Mpe nauli ya kurudi na posho yake, chukua mwingine wa Rhino Camp mpaka Obongi. Gharama inaongezeka kidogo lakini ndiyo pesa utakayoitumia vizuri kuliko zote.

Karatasi na maafande

Kuna Sheria ya Usafiri wa Majini ya 2021, boti inatakiwa iwe imesajiliwa na ina leseni, na kitengo cha bahari kwenye Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ndicho kinashughulika. Mwombe mwenye boti akuonyeshe karatasi zenyewe, asikwambie ziko nyumbani. Piga picha. Beba kitambulisho cha taifa, kama ni mgeni pasipoti, na kopi kadhaa za orodha ya majina ya wote waliomo na namba ya simu ya ndugu wa kila mmoja. Ile orodha utaigawa: polisi wa Pakwach moja, mwenyekiti wa LC1 (wa kijiji) wa kila mahali unapolala moja.

Mtoni utakutana na wanajeshi wa kulinda uvuvi. Kazi yao ni nyavu haramu na samaki wachanga, sio wewe, lakini boti isiyojulikana lazima waiangalie. Wakikuita punguza injini mapema, sogea polepole, kofia toa, miwani toa, "shikamoo afande" halafu acha nahodha aongee kwanza. Usichukue video. Usibishane mbele ya watu. Na usiwe na kitu cha kukutia hatiani, maana kuna wasafiri wananunua samaki wa bei rahisi bila kuangalia, sangara chini ya inchi 20 au ngege (tilapia) chini ya inchi 11 ni kosa hata kama umemnunua wa kula jioni. Nyama ya porini ndiyo kabisa usiguse, mtu atakuletea kwa siri imekaushwa vizuri inanukia, mwambie asante mama nimeshiba.

Daraja la Pakwach linalindwa. Hakuna picha, juu wala chini yake. Pita katikati, usisimamishe boti.

Mzigo

Laifu jaketi kwa kila kichwa, zimevaliwa, sio zimekaliwa kama mto wa kiti. Siku ya Krismasi 2016 timu ya mpira ya kijiji kimoja cha Buliisa na mashabiki wao walizama Ziwa Albert, wakafa kama watu 30, wengi vijana wenye nguvu. Mwaka 2018 boti ya starehe ikazama Ziwa Victoria karibu na Kampala, ikaua tena zaidi ya 30. Nunua zako mwenyewe Kampala, vaa moja uingie nayo majini uone kama inakuinua, kuna za bandia sokoni zenye sponji inayonywa maji.

Chakula ni rahisi. Unga wa posho, maharage, kitunguu, nyanya, chumvi, mafuta ya kupikia, viazi vitamu, majani ya chai. Samaki utapata njiani, na ukipata angara waliokaushwa kwa chumvi chukua kabisa, ukiwachemsha na simsim utasahau nyama. Sigiri moja na gunia dogo la makaa kwa sababu mialo mingi haina kuni, miti ilishaisha. Maji ya kunywa beba jerikani mbili na ujaze kwenye visima vya pampu kila mwalo, ya mtoni usinywe hata kama nahodha anakunywa mbele yako huku anacheka.

Vingine: panga la kukatia majani, kamba ndefu ya mita 30, nanga, kopo la kutolea maji, tochi mbili, turubai, chandarua, pauabenki, simu yenye laini ya MTN na nyingine ya Airtel maana zinapokezana. Kila kitu cha umeme kiwe ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) mbili.

Siku ya kwanza: Pakwach mpaka Wadelai

Ondoka saa moja asubuhi, sio saa kumi na moja. Watu wanapenda kuondoka gizani eti wawahi. Alfajiri ndipo viboko wanarudi kutoka malishoni kuingia majini na wewe uko kati yao na mto. Subiri jua litoke uone unachokiendea.

Ukishapita daraja, mkono wa kulia ni upande wa hifadhi ya Murchison. Huteremki upande huo bila ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori, hata kwenda haja. Tembo wanashuka kunywa maji na wengine wanaogelea kuvuka, ukiwaona wako majini zima mwendo ukae mbali waache wamalize. Vituo vyote vya kulala viko kushoto, ukingo wa magharibi.

Sasa kusoma mto. Ukifika mahali pamegawanyika njia mbili tatu na kijana wako anasitasita, zima injini kabisa utulie dakika mbili uangalie majani yanayoelea. Njia kuu majani yanatembea. Njia iliyoziba majani yamesimama na utaona maua ya yungiyungi yametulia juu ya maji, hiyo ni mfuko, ukiingia utarudi. Ukinasa usilazimishe injini, majani yanajifunga kwenye propela na kuziba kitundu cha kunyonya maji ya kupoza. Zima, inua, safisha kwa mkono huku mwenzako anaangalia maji, halafu tumia upondo kurudi nyuma ulikotokea. Kurudi nyuma, usisonge mbele, hata kama unaona maji wazi mita kumi mbele yako.

Viboko: mchana wanakaa karibu na ukingo kwenye maji ya kina cha kusimama, makundi makundi. Kaa katikati kwenye kina. Ukikaribia kona gonga ubavu wa boti kwa kasia, wale walio chini watainua vichwa uwaone walipo. Usipite kati ya kiboko na kina kirefu, anakimbilia huko na atapita juu yako. Yule aliye peke yake mpe nafasi mara mbili. Mamba ni suala la ukingoni, kwa hiyo maji ya kuoshea vyombo chota na ndoo iliyofungwa kamba, mikono isining'inie nje ya boti, na kuoga ni kwa beseni.

Wadelai utafika mchana mapema na ni vizuri. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 kabla ya kushusha mzigo, msalimie, mweleze, mpe orodha, atakuonyesha pa kulala. Hapa ndipo Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan ya wakati ule, alipojikita kuanzia 1885 baada ya Wamahdi, waasi wa Sudan, kumkatia njia ya kaskazini. Askari aliowaacha ndio mababu wa Wanubi wetu wa Arua na Bombo, kwa hiyo ukikutana na mzee Mnubi safarini mwulize habari za hapa utakaa mpaka usiku.

Siku ya pili na ya tatu: Rhino Camp, Obongi

Wadelai kwenda Rhino Camp ni nusu siku. Mto unapanuka, mafunjo yanakuwa marefu kuliko mtu, na jua linakupiga kwa juu na kwa chini, funika miguu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipiga kambi upande huu Januari 1910 kuwinda vifaru weupe, na hao vifaru waliisha porini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pumzika Rhino Camp, jaza maji, badilisha kijana wa njia, na kama kuna kitu kimelegea kwenye injini kitengeneze hapa kwa sababu mafundi wapo.

Eneo hili lina makazi makubwa ya wakimbizi, Rhino Camp kwenyewe na Palorinya kule Obongi. Boti ya watu wasiojulikana inayoshusha mizigo jioni itaulizwa maswali, ni haki yao. Fika saa tisa au kumi, mwanga ukiwepo, jitambulishe.

Obongi kuna feri inayovuka kwenda Sinyanya upande wa Adjumani. Feri haikwepi mtu, haiwezi. Ukiiona imetoka ukingoni wewe subiri, ipite, halafu pita nyuma yake.

Mchana na jioni kwenye mialo hii vaa mikono mirefu ya rangi iliyopauka. Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, na West Nile ugonjwa wa malale umewahi kutusumbua sana. Utaona vitambaa vidogo vya bluu na nyavu nyeusi vimesimamishwa kando ya vijito, hivyo ni mitego yenye dawa, usiving'oe eti upate kitambaa cha kufutia injini. Kichocho nacho kipo mto mzima, ukikanyaga maji ya ukingoni umeshajiweka kwenye hatari, vaa gambuti ukishusha boti na uende upime wiki sita mpaka nane baada ya safari, dawa yake ipo hospitali za serikali na inafanya kazi. Malaria sihitaji kukuhubiria.

Siku ya nne: Laropi, na hapo simama

Kipande hiki ndicho kirefu, anza mapema kidogo. Karibu na Laropi milima inasogea, mto unajikunja kuelekea mashariki, Moyo wanakuwa kushoto kwako na Adjumani kulia. Kwangu mimi ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Laropi kuna feri nyingine ya kwenda Umi, utaratibu ni uleule.

Ukiwa na nguvu na mafuta unaweza kushuka kidogo mpaka Dufile kuona mabaki ya ngome, kuta za udongo zilizoanza enzi za Gordon, Mwingereza aliyekuwa gavana kabla ya Emin, miaka ya 1870. Romolo Gessi, Mwitaliano, aliondokea hapo 1876 na boti mbili za chuma akazunguka Ziwa Albert lote, Mzungu wa kwanza kufanya hivyo. Lakini nenda na mtu wa Laropi, mwambie afande wa pale kwanza, na urudi mchana huohuo. Mbele yake ni mpaka wa Sudan Kusini, mtoni hakuna bango linalokwambia umevuka, simu yako inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo na hapo ujue umesogea sana. Ukitaka kwenda Nimule nenda kwa barabara kupitia Elegu ugongewe mhuri kama watu wengine. Na baada ya Nimule kuna maporomoko ya Fula, safari ya boti ingeishia huko hata kama ungekuwa na karatasi zote za dunia.

Kurudi

Watu mtarudi kwa taksi, vukeni na feri mpaka Adjumani halafu Gulu, au mwende Moyo mjini mchukue basi. Boti ndiyo inayotaka akili. Njia mbili: nahodha anaipandisha kwa maji, unamlipia mafuta na chakula na siku za ziada, au mnafungua injini inapanda gari na boti inabaki Laropi kwa mtu wa kuaminika mpaka apatikane mzigo wa kuipeleka juu. Ya kwanza ni ghali ila haina kelele. Ya pili mkubaliane mwenye boti akiwepo, muandikishane kwa mwenyekiti, nani anailinda na kwa siku ngapi.

Nahodha mlipe nusu mwanzoni na nusu mkishafika, na ile nusu ya mwisho umkabidhi mkiwa Laropi asubuhi, sio usiku wa kufika. Akiwa nayo usiku kuna baa mbili tatu pale mwaloni zinazomfahamu vizuri, na kesho yake ana mto mzima wa kupanda.